Habari za Christy Mathewson na Mchezo Uliouzwa

Ndugu wasomaji, katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za maaskofu, za wainjilisti na za wazee waliojenga makanisa yetu. Safari hii tunaomba ruhusa yenu tueleze maisha ya mchezaji mpira, Mmarekani, aliyefariki mwaka 1925. Huenda wengine watashangaa mchezaji wa Marekani anawahusu nini watu wa Zombo. Tunaomba watuvumilie kidogo.

Sababu yetu ni hii. Hapa kwetu, na kule Ulaya (Ulaya yetu ya Kilosa, si ile ya Wazungu), na Mikumi penye barabara kuu, vijana wameshika simu wakihesabu mechi za nchi ambazo pengine hawatazifikia maisha yao yote. Wenyewe wanaita kutandika mkeka. Hatukusudii kuzungumzia hasara ya fedha hiyo, maana akina mama majumbani wanaijua kuliko sisi. Linalotusumbua ni jambo jingine. Siku hizi timu ikifungwa, hata ile ya kata katika mashindano ya kugombea mbuzi, neno la kwanza kusikika uwanjani ni kwamba mechi imeuzwa. Kipa aliyeteleza katika matope ya masika anaitwa msaliti kabla hajafuta magoti. Mchezo ukifika hapo, hata aliyecheza kwa moyo wake wote haaminiwi.

Wala si uvumi tu. Mwaka 2016 Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania liliziadhibu timu nne za Kundi C la Ligi Daraja la Kwanza, yaani Geita Gold, Polisi Tabora, JKT Oljoro na JKT Kanembwa. Siku ya mwisho ya kundi Geita Gold walishinda mabao 8 kwa 0, na Polisi Tabora wakashinda 7 kwa 0, na timu hizo mbili zilikuwa zinagombea kupanda Ligi Kuu kwa hesabu ya mabao. Zote nne zikashushwa, na nafasi ya kupanda ikawaendea Mbao wa Mwanza. Jirani zetu wa Kenya nao walionja uchungu huo mwaka 2004, pale Maurice Odumbe, aliyekuwa nahodha wa timu yao ya taifa ya kriketi, alipofungiwa miaka 5 kwa kupokea fedha za wacheza kamari.

Lakini kisa kilichotikisa nchi nzima kuliko vyote tunavyovijua ni kile cha Marekani cha mwaka 1919, katika mchezo wao wa besiboli. Na mtu aliyeuona moshi kabla ya moto, akapiga kelele asisikilizwe, ndiye huyu Christy Mathewson.

Kwanza tuueleze mchezo wenyewe, kwa kuwa hapa kwetu hauchezwi, ingawa Dar es Salaam kuna vijana wa shule wanaoucheza kwa msaada wa Wajapani. Timu ni mbili, watu tisa kwa tisa. Mmoja, tumwite mrushaji, husimama katikati na kuurusha mpira mdogo mgumu kwa nguvu. Wa timu ya pili humngoja na gongo la mti. Akiupiga vizuri hukimbia kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu, na akirudi nyumbani salama timu yake hupata pointi moja. Wale wengine huukimbilia mpira na kuutupa kituoni ili ufike kabla yake, naye akitanguliwa ametoka. Zaidi ya hapo hatutawachosha. Ila mambo mawili yashikeni, maana yatarudi mbele. Mrushaji ndiye mwenye mchezo mkononi, na mchezaji wa kituo cha kwanza ndiye anayepokea mipira mingi inayotupwa na wenzake.

Christopher Mathewson alizaliwa tarehe 12 Agosti, 1880, katika mji mdogo wa Factoryville, jimbo la Pennsylvania. Wazazi wake walikuwa watu wa kanisa, na mama yake alitamani sana kijana awe mhubiri. Hakuwa. Lakini alimwahidi mama yake kwamba hatacheza mpira siku ya Jumapili, na ahadi hiyo aliishika miaka yote ya uchezaji wake. Meneja wa timu alijua kuwa Jumapili mrushaji huyo hayupo, akapanga mambo yake bila ya kumtegemea.

Alisoma Chuo Kikuu cha Bucknell, na huko aliongoza darasa lake, aliimba katika kwaya ya chuo, alicheza mpira wa kila namna. Zamani zile wachezaji wa kulipwa wengi walikuwa vijana wa migodini na viwandani. Ulevi na matusi vilikuwa kawaida yao, na hoteli nzuri hazikupenda kuwapokea. Basi alipokuja kijana mrefu, msomi, mwenye adabu, anayecheza drafti kwa ustadi hata akaweza kushindana na watu kadhaa kwa wakati mmoja, wazazi waliokuwa wakiwakataza watoto wao kwenda uwanjani wakaanza kuwapeleka wenyewe.

Tusimfanye malaika, hata hivyo. Magazeti ya wakati ule yalimchora kama picha ya dirishani kanisani, na waliomjua walisema yeye mwenyewe hakuipenda picha hiyo. Wageni walimwona ana majivuno, maana hakupenda kusumbuliwa na mashabiki. Tena alicheza karata kwa fedha na wenzake katika safari za treni, naye alikuwa hodari, akawafilisi wengi. Kwa hiyo msidhani tunaeleza habari za mtu asiyejua kamari ni kitu gani. Aliijua vizuri. Alichokataa ni kuiingiza kamari ndani ya mchezo ambao watu wamelipa kiingilio kuutazama.

Aliingia timu ya New York Giants mwaka 1900. Mwanzo haukuwa mzuri, alishindwa mechi zake zote tatu za mwaka huo. Baadaye alipata mrusho wake wa pekee, mpira uliokwenda taratibu kisha ukapinda upande usiotazamiwa, na wapigaji wakawa wanapiga hewa. Mwaka 1905, katika mashindano ya ubingwa wa nchi, alirusha mechi tatu kwa muda wa siku sita, na katika zote tatu wapinzani, Athletics wa Philadelphia, hawakupata hata pointi moja. Mwaka 1908 peke yake alishinda mechi 37. Hata alipomaliza kazi alikuwa ameshinda 373. Wachezaji wakubwa wamepita tangu hapo, na hesabu hiyo bado iko miongoni mwa zile za juu kabisa.

Nyumbani hakukuwa na raha kama uwanjani. Mwaka 1909 mdogo wake Nicholas, aliyekuwa kijana mwenye kipaji kama yeye, alijiua, na Christy mwenyewe ndiye aliyeuona mwili. Mdogo wake mwingine, Henry, aliyecheza naye Giants kwa muda mfupi, alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1917. Ugonjwa huo tutakutana nao tena.

Meneja wake huko New York alikuwa John McGraw, mtu mfupi, mkali, mwenye kupenda mbio za farasi na mwenye hisa katika ukumbi wa biliadi mjini. Mathewson na McGraw walikuwa kama usiku na mchana, lakini walipendana kama ndugu, na kwa muda wake zao na wao wenyewe waliishi nyumba moja. Katika duara la McGraw wacheza kamari walikuwa wakiingia na kutoka. Mwaka 1908, mechi ya kuamua bingwa ilipokuwa inakaribia, waamuzi wawili walitoa taarifa kwamba wamejaribiwa kuhongwa ili Giants washinde, na aliyetajwa kuwaendea ni daktari wa timu ya Giants. Waamuzi walikataa, Giants wakafungwa, daktari akapigwa marufuku viwanjani. Wakubwa hawakuchimba zaidi kujua nani aliyemtuma. Mathewson ndiye aliyerusha siku hiyo. Hatuwezi kusema moyoni mwake aliwaza nini, ila alikuwa na miaka 28, na jambo hilo lilitokea ndani ya kambi yake.

Hapo tuwaeleze kwamba uovu huu haukuwa mgeni. Tangu mwaka 1877 wachezaji wanne wa timu ya Louisville walikuwa wamefungiwa maisha kwa kuuza mechi. Baada ya hapo wenye timu walijifunza somo baya: kwamba kashfa ikitangazwa, watu hupunguza kuja uwanjani. Kwa hiyo kila mara minong'ono ilipotokea waliifunika. Mchezaji aliyetuhumiwa alihamishiwa timu nyingine kimyakimya, kama mwalimu mbaya anayehamishwa shule ili akawasumbue watoto wa kijiji kingine. Sisi tuliofanya kazi ya ualimu miaka mingi tunaijua dawa hiyo, na tunajua haikuponya mtu.

Aliyefaidi desturi hii kuliko wote ni Hal Chase, mzaliwa wa California. Kwa uchezaji wa kituo cha kwanza walisema hakuna aliyewahi kumfikia. Alikuwa mwepesi, mzuri wa sura, mcheshi. Na alikuwa akiuza mechi. Njia yake ilikuwa ya hila mno. Mwenzake alipoutupa mpira kituoni, Chase alichelewa nusu hatua tu. Mpira ulipita, na watazamaji wote wakamzomea yule aliyetupa, wakidhani ametupa vibaya. Kosa liliandikwa kwa jina la mtu asiye na hatia. Mameneja wawili wa New York, George Stallings mwaka 1910 na Frank Chance mwaka 1913, waliona, wakasema. Wa kwanza aliondolewa yeye kazini na Chase akapewa umeneja mahali pake! Wa pili alipolalamika, Chase aliuzwa Chicago, kwa hiyo tatizo likawa la watu wa Chicago.

Mwaka 1916 Mathewson, mkono wake ukiwa umechoka, aliacha New York akaenda kuwa meneja wa timu ya Cincinnati. Na humo akamkuta Hal Chase.

Mwaka ule Chase alikuwa mpigaji bora wa ligi nzima. Tunataja hilo ili msidhani ilikuwa rahisi. Meneja mpya ana mchezaji anayeongoza kwa kupiga, washabiki wanampenda, na tuhuma zake ni nusu hatua ambayo hakuna awezaye kuipima. Mathewson alimtazama mwaka wa kwanza, akamtazama wa pili. Yeye alikuwa amerusha mpira kwa miaka 17 na wachezaji wa kituo cha kwanza aliwajua kama fundi anavyojua misumari.

Mwaka 1917 palitokea jambo ambalo baadaye lilikuja kuwa ushahidi. Mrushaji kijana, Jimmy Ring, aliingizwa katikati ya mechi pointi zikiwa sawa. Chase akamsogelea pale katikati akamnong'oneza kwamba ameweka fedha timu yao ifungwe, na kama Ring atasaidia atapata chake. Ring akamwambia arudi kituoni kwake. Kwa bahati mbaya mechi ilipotea vivyo hivyo, bila hila ya Ring. Kesho yake asubuhi Chase akapita alipoketi kijana na kumwangushia dola 50 mapajani. Fedha hiyo, kwa kijana anayeanza kazi, haikuwa ndogo. Ring hakuitaka, na habari zikafika kwa meneja.

Mwezi Agosti 1918 Mathewson alimsimamisha Chase. Hakusema anahama, hakusema ana maumivu ya goti. Alimsimamisha kwa sababu hachezi kwa uaminifu, akataka mashtaka yapelekwe kwa uongozi wa ligi. Tunaamini huo ndio ushindi mkubwa kuliko zote 373, ingawa hakuna aliyeuandika katika hesabu.

Wakati huo vita kuu ya kwanza ilikuwa inaendelea. Mwishoni mwa mwezi uleule Mathewson, akiwa na miaka 38, aliingia jeshini, akapewa cheo cha kapteni katika kikosi kilichoshughulikia gesi ya sumu, akapelekwa Ufaransa. Watu wa Kilosa hatuhitaji kuelezwa sana vita ile, maana ilipita hapa kwetu pia, na wazee waliwaeleza wazazi wetu habari za wapagazi waliochukuliwa wasirudi. Huko Ufaransa Mathewson aliugua homa kali ya mafua iliyoua mamilioni dunia nzima, na ilielezwa kuwa katika mazoezi alivuta gesi. Tangu siku hizo kifua chake hakikuwa kile cha zamani.

Kesi ya Chase ilisikilizwa New York mwezi Januari 1919 mbele ya rais wa ligi, John Heydler. Chase alifika na wanasheria. Ring alifika akasema aliyoyasema. McGraw naye alieleza kwamba mrushaji wake mmoja, Pol Perritt, aliwahi kuendewa na Chase kwa shauri la namna hiyo. Lakini mshtaki mkuu alikuwa ng'ambo ya bahari, katika majeshi. Ilikuwapo hati yake ya kiapo tu, na karatasi haijibu maswali ya wakili. Mwezi Februari Heydler alitoa uamuzi kwamba ushahidi hautoshi, Chase hana hatia.

Hatumlaumu Heydler moja kwa moja. Baadaye ilionekana kwamba moyoni alimwona Chase ana hatia, ila hakuona namna ya kumtia hatiani. Hakimu hawezi kufunga mtu kwa minong'ono. Lakini kungojea meli moja irudi kutoka Ufaransa kungemgharimu nini? Mathewson alikuwa njiani kurudi nyumbani. Hapo tunaona uzito wa jambo: kila mchezaji katika ligi alijua Chase anafanya nini, na sasa kila mchezaji akajua kwamba mtu akishtakiwa na mkweli kuliko wote, bado anatoka salama.

La ajabu zaidi linafuata. McGraw, yuleyule aliyetoa ushahidi, akamwajiri Chase acheze Giants. Na Mathewson aliporudi kutoka vitani, hana kazi Cincinnati maana nafasi yake imeshachukuliwa, rafiki yake McGraw akampa kazi ya usaidizi katika timu hiyohiyo ya Giants. Basi msimu wote wa 1919 mshtaki na mshtakiwa waliketi benchi moja. Inasemekana hawakuzungumza. Tumejaribu kuwaza McGraw alifikiri nini. Labda alidhani anaweza kumrekebisha kila mtu, maana mameneja wakali wana udhaifu huo. Labda alitaka tu mchezaji mzuri kwa bei nafuu.

Sasa tufike mwezi Oktoba 1919. Ubingwa wa Marekani uligombewa na washindi wa ligi mbili, na mwaka ule mshindi alikuwa ni wa kwanza kufikisha mechi 5 katika 9. Upande mmoja White Sox wa Chicago, ambao wengi waliwaona hawashindiki. Upande wa pili, Cincinnati, vijana aliowalea Mathewson mwaka uliotangulia. Yeye alikwenda kuutazama mchezo kwa niaba ya gazeti, akaketi na mwandishi wa Chicago, Hugh Fullerton. Mjini fedha za kamari zilikuwa zimegeuka ghafla upande wa Cincinnati, na Fullerton akaona harufu mbaya. Akamwomba Mathewson amsaidie kutazama. Wakakubaliana kwamba kila tendo litakaloonekana si la kawaida watalizungushia duara katika karatasi ya kuandikia pointi.

Fullerton alimchagua vizuri. Mtu wa kawaida akiona mpira umeponyoka huona mpira umeponyoka. Mrushaji mzee huona mguu ulivyosimama kabla.

Katika mechi ya kwanza Eddie Cicotte, mrushaji mkubwa wa Chicago, alimpiga kwa mpira mtu wa kwanza kabisa wa Cincinnati, na baadaye ikajulikana kwamba hiyo ilikuwa ishara kwa wacheza kamari kwamba mapatano yamekubaliwa. Usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa amekuta dola 10,000 chini ya mto wa kulalia. Chicago wakafungwa 9 kwa 1. Mechi ya nne Cicotte akasimama tena, na katika kipindi kimoja akafanya makosa mawili ya mkono, yeye aliyesifiwa kwa mikono yake. Cincinnati wakapata pointi 2 humohumo, wakashinda 2 kwa 0. Na aliyerusha upande wa Cincinnati siku hiyo, akawazuia Chicago wasipate kitu, ni Jimmy Ring. Yuleyule wa dola 50.

Tafakarini hapo, ndugu wasomaji. Kijana aliyekataa kuuza mchezo anashinda mechi kubwa kuliko zote za maisha yake, na kumbe upande wa pili wameshauza. Mpaka leo hakuna awezaye kumwambia kwa hakika kwamba angeshinda hata kama wapinzani wangecheza kweli. Wauza mechi huibia watu wa aina nyingi, watazamaji, wenye timu, hata wacheza kamari wenzao. Lakini aliyeibiwa vibaya zaidi, kwa maoni yetu, ni yule aliyeshinda kwa haki, kwa sababu hawezi hata kudai alichoibiwa. Timu nzima ya Cincinnati, iliyochukua ubingwa kwa mechi 5 kwa 3, ilibaki na kombe lenye ladha ya majivu. Mathewson aliwajua kwa majina, mmoja mmoja.

Fullerton aliandika magazetini kwamba kuna jambo. Wenye timu wakamshambulia, na gazeti moja la michezo likamdhihaki. Mwaka mzima ukapita. Septemba 1920 mahakama ya Chicago ikaanza kuchunguza, na Cicotte akakiri. Joe Jackson, mpigaji wa ajabu, kijana wa viwanda vya nguo asiyejua kusoma wala kuandika, naye akaeleza kwamba aliahidiwa dola 20,000 akapewa 5,000. Mshahara wake wa mwaka ulikuwa dola 6,000. Wachezaji wanane walishtakiwa. Agosti 1921 baraza la mahakama likawaona hawana hatia, wakashangilia. Kesho yake Jaji Kenesaw Mountain Landis, aliyekuwa ameajiriwa na wenye timu kuwa kamishna wa mchezo wote, akawafungia maisha wote wanane, pamoja na Buck Weaver ambaye hakupokea fedha yoyote ila alijua na hakusema.

Watu wengi hata sasa wanamwonea Weaver huruma, na sisi tunawaelewa, kwa kuwa mechi zote alicheza kwa nguvu zake. Lakini mkikumbuka habari za Mathewson na Chase mtaona kwa nini Landis alikaza shingo hapo. Miaka kumi kabla, watu waliojua na wasiseme ndio waliomlea Chase.

Huyo Chase mwisho wake ulikuja kabla ya hapo. Katika msimu wa 1919 Heydler alipata nakala ya hundi ya dola 500 ambayo mcheza kamari wa Boston alimlipa Chase. Sasa karatasi ilijibu maswali. Giants wakamwacha, na hakucheza tena katika ligi kubwa. Alitajwa katika mashtaka ya Chicago kama mtu wa kati, lakini California haikumtoa. Alizunguka akicheza katika timu za mijini na migodini, akaishi kwa ndugu, akafa mwaka 1947 bila mali. Uzeeni alisema anajuta.

Na Mathewson? Mwaka 1920, wakati ukweli wa Chicago unatoka hadharani na kila mtu anasema laiti tungemsikia, yeye alikuwa kitandani. Kikohozi alichorudi nacho kutoka Ufaransa kilipimwa, kikaonekana ni kifua kikuu, ugonjwa uliomwua mdogo wake. Zamani zile dawa tulizo nazo leo katika zahanati zetu hazikuwapo. Mgonjwa alipelekwa penye hewa baridi na safi, akalazwa akangoja. Yeye alipelekwa Saranac Lake, milimani kaskazini mwa jimbo la New York. Mkewe Jane alikaa naye. Miezi mingi hakuruhusiwa hata kuinuka. Aliruhusiwa kucheza drafti.

Alipata nafuu, na mwaka 1923 akakubali kuwa rais wa timu ya Boston Braves, kinyume cha ushauri wa madaktari. Kazi ilimchosha. Alirudi Saranac Lake, akafariki tarehe 7 Oktoba, 1925, akiwa na miaka 45. Ilikuwa siku ya kwanza ya mashindano ya ubingwa wa mwaka ule, Pittsburgh na Washington. Kesho yake wachezaji wa timu zote mbili walivaa vitambaa vyeusi mikononi. Alizikwa Lewisburg, Pennsylvania, karibu na chuo chake cha Bucknell.

Jambo moja la Jumapili tumelibakiza, nalo tunalitaja kwa sababu kuna wasomaji watakaouliza. Alipokuwa meneja timu yake ilicheza Jumapili, kwa kuwa Cincinnati sheria iliruhusu, na ahadi yake kwa mama ilikuwa juu ya kucheza kwake mwenyewe. Mwezi Agosti 1917 timu yake ilicheza New York siku ya Jumapili ili kuwachangia askari. Polisi wakamkamata yeye na McGraw pamoja kwa kuvunja sheria ya siku hiyo. Hakimu akawaachia. Wahubiri wa wakati ule walibishana sana juu ya jambo hilo, nasi tunawaachia wachungaji wetu.

Mwaka 1936, Wamarekani walipoamua kuwaandika wachezaji wao wakubwa katika jumba la kumbukumbu, walichagua watano wa kwanza: Ty Cobb, Babe Ruth, Honus Wagner, Walter Johnson na Christy Mathewson. Wanne walikuwa hai. Jina la Hal Chase, ambaye kwa mikono na miguu yake peke yake angestahili, halimo mpaka leo. La Jimmy Ring nalo halimo. Alicheza miaka kadhaa zaidi, akishindwa mechi nyingi kuliko alizoshinda, akarudi kwao New York, na hakuna aliyewahi kusema kwamba hata moja kati ya hizo aliiuza.